Mwalimu, niwafundishe tamthilia zipi Kidato cha Tatu?

Shikamoo Mwalimu,

Nafundisha Kiingereza katika shule ya kata mkoani Shinyanga, na huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Mwaka huu nimekabidhiwa Kidato cha Tatu mikondo miwili, nami ndiye nitakayekwenda nao hadi mtihani wa taifa. Sarufi hainipi shida, wala barua na insha. Ninapokwama ni kwenye tamthilia.

Katika zile zilizomo kwenye orodha, shuleni kwetu zipo nne: *The Lion and the Jewel* ya Wole Soyinka, *The Black Hermit* na *This Time Tomorrow* za Ngũgĩ wa Thiong'o, na *Three Suitors: One Husband* ya Guillaume Oyônô-Mbia. Swali la mtihani kwa kawaida linataka mbili, kwa hiyo na sisi tunafundisha mbili.

Mkuu wangu wa idara ameshapitisha zake: *The Lion and the Jewel* na *The Black Hermit*. Sababu aliyonipa ni kwamba notisi zipo. Kuna daftari aliloliacha mwalimu mmoja aliyehama zamani, na kila mwaka linahamishiwa ubaoni neno kwa neno: dhamira, wahusika, ujumbe, mwisho. Wanafunzi wanakariri. Kuna waliomaliza Kidato cha Nne hapa bila kushika kitabu chenyewe hata siku moja.

Kumbe na hilo lina mgogoro wake. Mjumbe mmoja wa bodi ya shule, mzee anayeheshimika sana hapa kijijini, alisikia mjukuu wake akisimulia jinsi Baroka, yule chifu mzee wa *The Lion and the Jewel* aitwaye Simba, alivyomlaghai binti Sidi usiku. Akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule kusema tunawafundisha watoto uchafu. Mkuu akaniita ofisini, akaniambia, "Madam, tafuta kitabu kisicho na maneno."

Nikiri kwamba mapenzi yangu yako kwa Soyinka. Nilimsoma nikiwa mwanafunzi, na yeye ndiye aliyenivuta kwenye lugha hii. Ila nilipowasomea wanangu kurasa za mwanzo darasa lilinyamaza kabisa, na haukuwa ukimya wa kusikiliza. Hawa ni watoto waliotoka kwenye *Mabala the Farmer* na *Hawa the Bus Driver*. Sijui kama nimewapeleka mbio au nimeshindwa kufundisha.

Nakala nazo ni kama hazipo. *The Lion and the Jewel* ziko tisa, *The Black Hermit* nne, *Three Suitors* mbili na moja haina jalada, na *This Time Tomorrow* ni kopi ya steshenari. Wanafunzi ni zaidi ya themanini.

Nichague zipi, Mwalimu? Nimwambie nini mkuu wa idara, ambaye kwa umri ni sawa na baba yangu? Na yule mzee wa bodi, nimfuate au nikae kimya?

Wako katika kazi,
*Mwalimu wa Kidato cha Tatu, Shinyanga*

---

Marahaba mwanangu,

Chukua *Three Suitors: One Husband* na *The Black Hermit*. Nimeanza na jibu kwa sababu mwalimu mwenye vipindi vya watoto themanini hana muda wa kuzungushwa. Sababu zinafuata, maana utazihitaji mbele ya mkuu wako wa idara.

Walimu wengi huchagua tamthilia moja moja: hii nzuri, ile fupi, ile ina notisi. Mtihani hauulizi hivyo. Unampa mtoto jambo moja, tuseme nafasi ya mwanamke, au elimu, au mgongano wa mila na maisha ya sasa, halafu unamtaka alitolee hoja kwa vitabu viwili. Kwa hiyo wewe unachagua jozi. Vitabu viwili vizuri ambavyo havizungumzi pamoja vitamfanya mtoto aandike insha mbili fupi zilizobandikwa pamoja, na msahihishaji anaiona gundi.

Sasa itazame jozi niliyokupa. Juliette wa Oyônô-Mbia ni binti wa sekondari anayerudi nyumbani Mvoutessi, kijiji cha kusini mwa Kameruni, na kukuta baba yake, Atangana, ameshapokea faranga 100,000 za mkulima kijana aitwaye Ndi. Kabla hajakaa vizuri anafika Mbia, mtumishi wa serikali kutoka mjini, na kuweka 200,000. Hesabu ya ukoo ni nyepesi: tumemsomesha, basi bei imepanda. Remi wa Ngũgĩ ni kijana wa kwanza wa kabila lake la Marua kufika chuo kikuu. Wazee nao wana hesabu yao: tumepata msomi, basi arudi atuongoze kwenye siasa, na sisi tupate sehemu yetu serikalini. Pale elimu ya binti imekuwa mahari, hapa elimu ya mvulana imekuwa kiti serikalini. Kijiji kimewekeza na kinataka faida, na hakuna aliyemuuliza mwenye shahada wala mwenye daftari anataka nini.

Mtoto wa Shinyanga akilielewa hilo hahitaji notisi za mtu. Analijua tangu nyumbani. Mahari ya ng'ombe ameiona ikihesabiwa uani, na kaka aliyesoma akaenda Mwanza au Dar asirudi anamfahamu kwa jina.

Halafu miisho yake inapishana, na hapo ndipo penye utamu. *Three Suitors* ni kichekesho. Juliette anazichukua zile faranga 300,000 na kumpa Oko, mwanafunzi mwenzake anayempenda. Kijiji kinachanganyikiwa, anaitwa mganga Sanga-Titi amtafute mwizi, na mwizi mwenyewe yupo pale pale anatazama. Mwishoni Oko anatokea kama mtu mzito wa mjini na kulipa mahari kwa fedha za mahari. *The Black Hermit* inaishia msibani. Remi alimwoa Thoni, mjane wa kaka yake, kwa sababu mila na baba aliyekuwa kitandani walitaka hivyo. Kisha akakimbilia mjini na kupata rafiki wa kike wa Kizungu, Jane, ambaye hakumwambia kwamba ana mke. Anaporudi ni kwa hasira ya kuvunja ukabila na mila. Thoni anayasikia maneno yake kuhusu ndoa ile, anajiua, na barua aliyoiacha inaonyesha kwamba alimpenda.

Wanawake wawili, ndoa mbili zilizopangwa na wazee, mmoja anacheka na mwingine anakufa. Kwa nini? Liulize darasani, kisha nyamaza uwasikilize. Mmoja atasema Juliette amesoma. Mwingine atasema Juliette ana watu, ana Oko, ana binamu yake Matalina, wakati Thoni ana mama mkwe tu, Nyobi, naye ni mjane asiye na sauti mbele ya wazee. Mwingine atasema Juliette aliamua na Thoni alingoja. Hapo tayari una aya tatu za insha, na ubaoni hujaandika kitu.

Neno moja kuhusu kifo cha Thoni. Usikipitie haraka kwa sababu kimekaa kurasa za mwisho. Zungumza kwanza na mwalimu wa ushauri na unasihi, ajue wiki gani mnafika hapo, na umwangalie mtoto anayeacha ghafla kuchangia.

*The Lion and the Jewel* naiacha nje kwa moyo mzito, na sababu yangu siyo ya yule mzee. Ni lugha. Soyinka ameiandika sehemu kubwa kwa mtindo wa kishairi, na vichekesho vyake vinamtaka msomaji awe na maneno tayari kichwani. Unakumbuka Lakunle, yule mwalimu kijana anayemtaka Sidi, anapoilaani mahari? Anamimina msururu wa maneno mazito ya Kiingereza, moja baada ya jingine, mpaka Sidi anamuuliza kama mfuko umekwisha. Naye anakiri kwamba hiyo kamusi aliyonayo ni ile ndogo, kubwa ameiagiza! Mimi na wewe tunacheka mpaka machozi. Mtoto asiyeyajua maneno yale hawezi kucheka, kwa sababu yeye ndiye anayemiminiwa. Ule ukimya wa darasa lako usiutafsiri kuwa hujui kufundisha. Kutoka kwenye hadithi fupi fupi za Kidato cha Kwanza na cha Pili hadi pale ni ngazi yenye vipago vilivyong'oka, na *Three Suitors* inakurudishia viwili au vitatu: ni maongezi ya kawaida, sentensi fupi, watu wengi wanaokatizana.

Kama unataka kumwonjesha Soyinka kwa wale wenye mbio, wape onyesho la ufunguzi walicheze. Watoto wanaghani jedwali la kuzidisha darasani, mwalimu wa karibu miaka 23, Lakunle, mwenye suti iliyochakaa na raba nyeupe za tenisi anatoka kumpokonya Sidi ndoo ya maji, na anajimwagia. Hilo linachezeka hata chini ya mwembe.

*This Time Tomorrow* ina sifa yake: ni fupi na iliandikwa kwa ajili ya redio, kwa hiyo inasikika vizuri ikisomwa kwa sauti. Ni habari ya wakazi wa kibanda cha mabati jijini Nairobi, Njango muuza supu na binti yake Wanjiro, halmashauri ikija kubomoa. Mtoto aliyewahi kuona wamachinga wakihamishwa ataielewa papo hapo. Ila ni nyembamba. Swali la uhuru uliowasahau maskini linajibika vizuri mno, swali la ndoa na mila linampa mtoto sentensi mbili tatu. Iwe akiba yako.

Nije kwa mkuu wako wa idara. Usiende kumwambia kwamba notisi zake ni mbovu. Nenda kwa adabu umwambie kwamba umekubaliana naye nusu, maana *The Black Hermit* ni chaguo lake na umelichukua, na ni kweli umelichukua. Hiyo nyingine umwombe akuachie mkondo mmoja tu hadi mtihani wa muhula. Mkondo wa pili uende na chaguo lake. Kisha zilinganisheni karatasi pamoja, mmekaa meza moja. Mwalimu wa siku nyingi hashawishiki kwa maneno ya kijana, ila insha ya mwanafunzi anaijua akiiona.

Uwe na silaha nyingine mkononi. Baraza la Mitihani hutoa uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, na unapatikana bure kwenye tovuti yao. Chapisha sehemu ya Kiingereza inayohusu fasihi. Makosa yanayowaangusha watoto si mageni kwako: anasimulia hadithi nzima badala ya kujibu swali, anachanganya wahusika wa kitabu hiki na cha kile, anaulizwa tamthilia yeye anatumia riwaya. Yote hayo ni magonjwa ya mtoto aliyekariri kitabu asichokisoma. Aliyemsikia Atangana akizipigia hesabu fedha za wakwe hawezi kumhamishia kwenye riwaya ya *Weep Not, Child*.

Namna ya kuandika nayo uwaonyeshe kwa mfano hai. Swali likiwa ni mwanamke kufanywa mali, mtoto wa notisi ataanza, "Juliette alikuwa msichana aliyesoma, siku moja alirudi nyumbani..." na ukurasa unaisha. Mfundishe aanze na dai: Juliette anahesabiwa kama mali ya ukoo. Kisha tukio moja tu: fedha za Ndi zilipokelewa yeye akiwa shuleni. Kisha maana yake: ndoa ilikamilika bila bibi harusi. Kisha avuke upande wa pili: Thoni naye alihamishwa kutoka kwa mume aliyekufa hadi kwa mdogo wa mume, kama kitu kinachobaki ndani ya boma. Sentensi nne au tano zinatosha kwa hoja moja.

Kuhusu vitabu, nakala mbili za *Three Suitors* kwa watoto themanini zinatisha, lakini tamthilia huvumilia uhaba kuliko riwaya, kwa kuwa imeandikwa isomwe na watu wachache na kusikilizwa na wengi. Gawa darasa kwa maonyesho. Kundi moja linachukua onyesho lake, linalinakili kwa mkono kwenye daftari, linafanya mazoezi jioni, na siku ya kipindi linasoma mbele huku wengine wakiandika wanachosikia. Kunakili onyesho moja kwa mkono si adhabu, mtoto anatoka amejua tahajia ya majina na nani alisema nini. Kitabu kizima usikipeleke steshenari, kina mwenyewe. Ongea na mkuu wa shule fedha zikija ziongezwe nakala chache, hata kumi zitabadilisha kila kitu. Shule jirani pia waulize, mara nyingi utakuta vitabu vimefungiwa kabatini na ufunguo anao mtunza stoo.

Yule mzee mfuate, tena nyumbani kwake, usingoje kikao cha bodi. Mwambie umesikia wasiwasi wake na unaomba akusikilize. Kwa haki yake, amegusa kitu. Tendo lenyewe kwenye *The Lion and the Jewel* halionyeshwi jukwaani. Tunachoona ni Sidi akirudi mbio, akijitupa chini na kulia kwa kwikwi, halafu baadaye anajipamba aende kwa Baroka, mzee wa miaka 62. Walimu wengi tunalipita hilo kwa kicheko, "simba kashinda." Kwenye mkoa ambao binti wa Kidato cha Pili anaweza kupotea darasani kwa mimba, ukilicheka umewafundisha kitu ambacho hukukusudia. Kitabu hakina kosa, sisi ndio tunaokisoma kivivu.

Ila mkuu wa shule asiandike popote kwamba kitabu kimeondolewa kwa malalamiko. Leo ni Soyinka, kesho atakuja mwingine na *Three Suitors* kwamba inafundisha mabinti kuiba fedha za wazazi, na atakuwa na ukurasa wa kukuonyesha! Sababu iandikwe kama ilivyo: idara imechagua jozi inayolingana na kiwango cha lugha cha wanafunzi.

Na mzee huyo mwalike siku kundi la kwanza linacheza ujio wa Mbia. Mpe kiti cha mbele. Onyesho likiisha, waulize wanafunzi mbele yake: Atangana angekuwa Tanzania leo, ingekuwaje? Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yameweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Ndi, Mbia na ukoo mzima wangekuwa na mazungumzo marefu na polisi. Utashangaa wazee wanavyoingia kwenye mjadala huo, na hawaongei kama watu waliokuja kukagua kitabu.

Jambo la mwisho ni la ofisi. Mtaala ulioboreshwa unaingia kidato kwa kidato, kwa hiyo kabla mkuu wa shule hajasaini malipo ya nakala hata moja, chukua muhtasari unaolihusu kundi lako hasa na uhakikishe vitabu hivi bado vimo humo, kisha angalia orodha iliyochapishwa ndani ya karatasi ya mtihani ya mwaka uliopita. Muuza vitabu atakuuzia chochote utakachomtajia, na risiti yake hairudishwi.